Ukienda Kuoga Maji Moto, Usiache Dawa Nyumbani

Basi letu liliondoka mjini Kitui saa kumi za alfajiri. Ndani mlikuwa na akina mama 22 wa chama kimoja cha kuweka akiba, wazee 3 waliowasindikiza wake zao, dereva na utingo wake, pamoja nami niliyealikwa kwa sababu, kama alivyosema mwenyekiti wao, "safari ya wenye maumivu haikosi mtu wa hospitali." Tulikuwa tukielekea Ziwa Bogoria, katika kaunti ya Baringo, kuona maji yanayochemka bila kuni.

Chama hicho kilikuwa kimechanga pesa kwa mwaka mzima. Wachache walitaka kuona heroe, wale ndege wa rangi ya waridi. Wengi walikuwa na sababu nyingine waliyoitaja kwa sauti ya chini: magoti. Mwanamke aliyebeba mgongoni mtungi wa lita 20 kutoka kwenye mchanga wa mto Kalundu, Nzeeu au Tiva kwa miaka 40, akifika uzeeni magoti humdai. Nao walikuwa wamesikia kwamba maji ya Bogoria hulipa madeni ya aina hiyo.

Katika kiti cha mbele aliketi mama mkubwa wangu, dada ya marehemu mamangu, ambaye sote nyumbani twamwita Mwaitu, kama Wakamba wamwitavyo mama mzazi. Ana umri wa miaka 64. Ameishi na kisukari kwa miaka 11, na shinikizo la damu kwa miaka 6 hivi. Nilipokuwa nikimpangia mfuko wake niliona mayai 6 ya kwenda kuchemsha huko, mahindi mabichi, leso 2 na mafuta ya kujipaka. Dawa sikuziona.

"Mwaitu, dawa zako ziko wapi?" nilimwuliza.

"Za nini leo, mwanangu? Si ndiko naenda kwenye dawa yenyewe?"

Dereva alikubali kupitia kwake tuzichukue. Tulichelewa nusu saa, na basi zima likatununia. Msomaji mpendwa, somo la leo linatokana na nusu saa hiyo, na pia na jambo lililotokea wiki 3 baada ya kurudi kwetu. Tutaeleza maji moto ni nini, yanausaidia mwili vipi, yanamdhuru nani, na mtu afanye nini kabla ya kutia mguu ndani.

MOTO UNATOKA WAPI?

Njiani akina mama walibishana. Mmoja alisema chini ya ziwa kuna jiko la mizimu, mwingine akasema ni mafuta yanayowaka. Ukweli ni rahisi zaidi. Kadiri unavyochimba ardhini ndivyo joto linavyozidi, na mahali pengi huongezeka kwa nyuzi kati ya 25 na 30 kwa kila kilomita moja. Katika Bonde la Ufa, ganda la dunia limevutwa likawa jembamba, na mawe yenye joto kali yako karibu zaidi. Maji ya mvua huzama kupitia nyufa, hupashwa moto huko chini, kisha husukumwa juu tena yakiwa yanafoka.

Ndiyo sababu Kitui hatuna chemchemi kama hizo. Mawe yetu ni ya kale sana na yamepoa. Hata Uwanda wa Yatta, unaonyooka kando ya mto Athi, ni lava iliyotiririka mamilioni ya miaka iliyopita ikagandamana. Ndugu zetu wa Makueni wana vilima vya Chyulu, ambavyo ni volkano changa, lakini maji yanayotokana na vilima hivyo, kama yale ya Umani karibu na Kibwezi na ya Mzima kule Tsavo, ni ya baridi kwa sababu hayazami hadi kwenye joto kabla ya kutokeza.

Maji yanayopita katika mawe ya moto huyeyusha madini mengi. Maji ya Bogoria yamejaa magadi. Yana pia floridi, madini yale yanayoyafanya meno ya watu wa sehemu nyingi za Bonde la Ufa kuwa ya hudhurungi. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita moja, na maji ya Bogoria yanapita kiwango hicho kwa mbali. Floridi nyingi ikinywewa kwa miaka mingi huharibu hata mifupa. Nilimkuta mama mmoja akijaza chupa ili ampelekee mumewe anywe, nikamsihi ayamwage. Mifupa ndiyo iliyomleta, naye alikuwa akibeba kitu cha kuiumiza.

TULIYOYAONA BOGORIA

Tulifika mchana jua likiwa kali. Chemchemi mashuhuri ziko mahali paitwapo Loburu, upande wa magharibi wa ziwa. Maji ya ziwa yalipopanda, hasa mwaka 2020, baadhi ya chemchemi zilifunikwa, lakini zilizosalia zinatosha kumnyamazisha mtu. Mvuke hupanda kama wa sufuria ya harusi, na hapa na pale maji huruka juu kwa kishindo. Kwa watu waliozoea kuyachimba maji mchangani kwa kata, kuyaona yakijirusha yenyewe ni ajabu kubwa. Mzee mmoja alivua kofia.

Mwelekezi wetu alitupa amri moja: "Kanyageni nilipokanyaga mimi." Kando ya chemchemi ardhi huonekana ngumu, lakini mahali pengine ni ganda tu, na chini yake kuna maji yanayochemka. Mtoto akikimbia hapo, mguu unazama.

Bogoria iko karibu mita 1,000 juu ya bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka yakifika nyuzi 97 hivi badala ya 100. Mayai yetu yalitiwa ndani ya kikapu yakaiva tukiwa tunaongea. Hapo niliwaambia wenzangu wakumbuke yai hilo. Maji yanayoivisha yai huivisha mguu pia. Kwa kawaida maji ya nyuzi 60 huchoma ngozi vibaya kwa muda wa sekunde 5 hivi. Ya nyuzi 55 huchukua karibu nusu dakika. Hata ya nyuzi 50, ambayo mtu anaweza kuyavumilia mwanzoni, huchoma akikaa humo dakika chache. Ngozi ya mtoto na ya mzee ni nyembamba, nayo huungua upesi zaidi.

Kwa hiyo hatukuoga Loburu. Tulienda kwenye bwawa la hoteli, ambalo maji yake hutoka kwenye chemchemi yakiisha kupoa. Akina mama waliingia na leso zao wakiimba. Nilimpima Mwaitu shinikizo la damu kabla hajaingia, nikamwambia akae dakika 10 tu. Alikaa huku amefumba macho kama mtu anayesikiliza habari njema. Alipotoka alipanda ngazi za basi bila kushikwa mkono. Nililiona kwa macho yangu na sitalikana.

MAJI MOTO YANAUFANYIA NINI MWILI?

Nafuu hiyo si uchawi. Kwanza, joto hupanua mishipa ya damu, misuli iliyokazana hulegea, na viungo vilivyokauka huanza kukunjuka. Pili, maji hukuinua. Mtu aliyesimama ndani ya maji hadi shingoni hubeba sehemu ndogo tu ya uzito wake, yapata sehemu moja kwa kumi, na magoti yake hupata likizo. Tatu, maji huibana miguu pande zote na kusaidia kupunguza uvimbe. Nne, mtu ametoka nyumbani, ameacha jembe na mtungi, amecheka na wenzake. Hilo nalo ni tiba.

Je, madini ya maji hayo huponya? Ngozi yetu imeumbwa kuzuia vitu kupita, na ni kiasi kidogo sana kinachopenya. Watafiti waliochunguza wagonjwa wa baridi yabisi na wa magoti yaliyochakaa wamepata dalili kwamba kuoga maji ya madini hupunguza maumivu kwa muda, lakini nyingi za tafiti hizo zilikuwa ndogo, na haziwezi kutegemewa sana. Hakuna aliyeonyesha kwamba maji hayo hujenga upya goti lililolika, wala kwamba huondoa kisukari, shinikizo la damu, kifua kikuu au saratani.

Tatizo ni kwamba nafuu ya goti humfanya mtu aamini mengine yote. Huko Kitagata, magharibi mwa Uganda, kuna chemchemi mbili za maji moto zinazotembelewa na wagonjwa wengi. Moja huhesabiwa kuwa ya mfalme wa Ankole. Nyingine watu wameipa jina la Mulago, hospitali kuu ya taifa iliyoko Kampala. Jina hilo linaonyesha matumaini ya watu, lakini maji yaliyopewa jina la hospitali hayana maabara, wala chumba cha upasuaji, wala dawa ya sukari.

Tunakumbuka pia mwaka 2011, maelfu ya watu, Wakenya wakiwa miongoni mwao, walipofunga safari hadi kijiji cha Samunge huko Loliondo, Tanzania, kunywa dawa ya kikombe. Madaktari walilazimika kuwasihi wagonjwa wa ukimwi, kifua kikuu na kisukari wasiache dawa zao. Mgonjwa aliyesafiri mbali na kutumia akiba yake hutaka sana kupona, naye huona kwamba kumeza kidonge ni kukosa imani. Hapo ndipo hatari ilipo.

KARAI LA MWAITU

Wiki 3 baada ya safari, magoti ya Mwaitu yalirudia hali yake ya zamani. Jambo hilo lilitazamiwa. Dawa zake alikuwa akimeza, lakini maji ya Bogoria yalikuwa hayamtoki akilini. Jioni moja akaamua kujitengenezea Bogoria yake jikoni. Alichemsha sufuria ya maji, akayamimina katika karai, akatia maji baridi kidogo, chumvi na kipande cha magadi, kisha akaketi kwenye kigoda na kutumbukiza miguu yote miwili.

Aliyaona maji kuwa vuguvugu. Akamwita mjukuu wake wa miaka 9 aongeze ya moto. Mtoto akaongeza. "Ongeza tena, bado ni baridi." Mtoto alipoinama kumimina, tone moja likamrukia mkononi akapiga kelele: "Susu, yanachoma!"

Mwaitu hakuwa amesikia chochote. Alipotoa miguu, nyayo zilikuwa nyeupe. Kufikia usiku malengelenge yalikuwa yamejaa. Jirani mwema akampaka mafuta ya kupikia. Kwa kuwa hakukuwa na maumivu, kila mtu aliona si jambo kubwa, akakaa nyumbani siku 2. Alipoletwa hospitalini kidonda kilikuwa kimeanza kunuka. Kilifungwa na kusafishwa kwa wiki 7, na hata hivyo alipoteza vidole 2 vya mguu wa kushoto.

Nami nina lawama yangu. Nilimfuatilia vidonge, nikampima shinikizo la damu, lakini sikumwambia habari za miguu yake. Hii ndiyo sababu naandika.

Kisukari kikikaa mwilini kwa miaka mingi, hasa sukari ikiwa juu, huharibu mishipa ya fahamu, kuanzia ile mirefu inayofika miguuni. Mgonjwa huanza kusikia ganzi, au kama anatembea juu ya pamba, au kama sisimizi wanamtambaa. Wengine hawasikii lolote, wala hawajui kwamba hawasikii. Mtu wa namna hiyo hukanyaga mwiba akatembea nao kutwa nzima. Akitia mguu katika maji ya nyuzi 55, mguu humdanganya kwamba ni vuguvugu. Tena kisukari hupunguza damu inayofika miguuni, kwa hivyo kidonda huchelewa kupona.

Katika kliniki ya kisukari, mhudumu anaweza kukupima kwa uzi mwembamba wa plastiki unaoguswa kwenye nyayo huku umefumba macho. Ni kipimo cha dakika chache na hakiumi. Ikiwa una kisukari na hujapimwa miguu mwaka huu, ulizia kipimo hicho. Ikiwa miguu yako ina ganzi, usiiloweke katika maji moto kabisa, awe ni nani anayekushauri. Ioshe kwa maji ambayo mtu mwingine ameyapima, uikaushe vizuri hasa kati ya vidole, na uikague kila jioni.

WAJAPANI HUBANDIKA TANGAZO MLANGONI

Baada ya mkasa huo nilitaka kujua jinsi watu waliozoea maji moto wanavyojilinda. Hakuna nchi inayoyapenda kuliko Japani, ambayo ni visiwa vya volkano. Mji wa Beppu, katika kisiwa cha Kyushu, una chemchemi zaidi ya 2,000. Mvuke hupanda katikati ya nyumba, na watu hupikia mboga na mayai juu yake. Wasafiri humiminika huko kutoka pande zote. Mwaka 1931 Chuo Kikuu cha Kyushu kilifungua mjini humo taasisi ya kuchunguza tiba ya maji moto. Wenzetu hawa hawakuridhika na masimulizi, waliyaweka maji kwenye mizani.

Mgeni anayefika Beppu hujifunza kwanza kwamba kuna maji ya kutazama na maji ya kuoga. Yale yanayochemka vibaya yamepewa jina la jehanamu, yamezungushiwa ua, na hakuna anayetia hata kidole. Ya kuoga yako kando. Katika mji mwingine, Kusatsu, maji hutoka yakiwa na zaidi ya nyuzi 50, na kuna desturi ya kuyakoroga kwa mbao ndefu ili yapoe kabla ya watu kuingia.

Jambo la pili humfanya mgeni wa kutoka kwetu aone haya: watu huoga uchi, wanaume kwao na wanawake kwao. Lakini kabla ya kuingia ni lazima mtu akae kwenye kigoda ajisugue kwa sabuni na kujisuuza, kwa maana bwawa ni la kupumzika, si la kutoa uchafu. Kisha hujimwagia maji ya bwawa kidogo kidogo, akianza na miguu, ili mwili uzoee. Kichwa hakizamishwi. Ni adabu, lakini pia ni afya, kwa kuwa katika maji vuguvugu ya madimbwi huweza kuishi vijidudu vinavyopenya kupitia puani na kudhuru ubongo.

Jambo la tatu ndilo nililolipenda zaidi. Japani ina sheria ya chemchemi za maji moto tangu mwaka 1948. Chini ya sheria hiyo, mwenye bafu hubandika mahali pa wazi tangazo linaloeleza maji yake yana madini gani, na ni wagonjwa gani hawafai kuingia. Hawaogopi kwamba wateja watakimbia.

Pamoja na hayo yote, ajali bado hutokea. Mwaka 2002, katika mji wa Hyuga, bakteria walioingia katika maji ya bafu ambayo hayakusafishwa vya kutosha waliwaambukiza watu wengi homa ya mapafu, na 7 wakafa. Kila mwaka maelfu ya Wajapani, wengi wao wazee, hufia bafuni, hasa wakati wa baridi, mtu anapotoka kwenye ubaridi na kuingia ghafla kwenye maji ya moto. Serikali yao huwashauri maji yasizidi nyuzi 41 na mtu asikae zaidi ya dakika 10. Ikiwa mabingwa wa maji moto wanajiwekea mipaka hiyo, sisi tulio wageni wa jambo hili tuna haja gani ya kujigamba?

TANGAZO LETU WENYEWE

Huenda mahali uendapo usikute tangazo mlangoni. Basi likate hili uliweke mfukoni.

Usiingie kabisa katika maji moto ikiwa:

1. Una homa, au kidonda kilicho wazi, au ugonjwa wa ngozi unaoambukiza.

2. Miguu yako ina ganzi kwa sababu ya kisukari, ukoma au ugonjwa mwingine wa mishipa ya fahamu.

3. Hivi karibuni umepata mshtuko wa moyo au kiharusi, au moyo wako ni dhaifu na unakosa pumzi ukitembea.

4. Umekunywa pombe, hata ile ya asali ya nyumbani. Pombe na joto vyote hushusha shinikizo la damu, na mtu huzirai ndani ya maji.

Muone daktari kwanza ikiwa:

5. Una shinikizo la damu, hata kama unameza dawa. Joto hupanua mishipa, na ukisimama ghafla unaweza kupata kizunguzungu na kuanguka.

6. Unajidunga insulini. Joto huifanya iingie katika damu haraka, na sukari huweza kushuka ghafla. Beba kitu kitamu, na uifunge insulini mahali pa baridi, isiachwe ndani ya gari juani.

7. Una mimba, hasa miezi ya mwanzo. Joto jingi mwilini mwa mama si zuri kwa mtoto anayeumbwa.

Ukiruhusiwa kuingia, fuata haya:

8. Meza dawa zako kwa saa zake. Ziweke katika mkoba wa mkononi, si katika mzigo ulio juu ya basi.

9. Maji yapimwe kwa kipimajoto au kwa kiwiko cha mtu mzima asiye na ganzi. Yakimfanya avute mkono, hayafai. Kwa mzee, nyuzi 38 hadi 40 zinatosha.

10. Dakika 10 kisha utoke, upumzike kivulini. Ukisikia moyo unakwenda mbio, kichwa chepesi au kichefuchefu, usisubiri dakika ziishe.

11. Usioge peke yako. Mtoto asiachwe hata kidogo.

12. Kunywa maji safi uliyobeba kabla na baada ya kuoga. Maji ya chemchemi usiyanywe.

UKIUNGUA AU MWENZIO AKIUNGUA

Mtoe kwenye moto mara moja. Vua pete, bangili, viatu na nguo iliyolowa, ila usibandue nguo iliyoshika kwenye ngozi. Mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi ya kawaida kwa muda wa dakika 20. Najua kwetu Kitui maji ni ghali, na mtu husita kumwaga mtungi mzima. Yamimine polepole kwa kikombe, yakingwe na karai ili yatumike kwa kazi nyingine. Hizo dakika 20 ndizo zitakazopunguza kina cha jeraha.

Usipake mafuta ya kupikia, dawa ya meno, asali, udongo wala yai. Usitumie barafu. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi kisicho na manyoya, umpeleke mgonjwa hospitalini. Mwenye kisukari akiungua mguu apelekwe siku hiyo hiyo, hata akisema haumwi. Kutosikia maumivu si dalili njema kwake.

MASWALI YA KUJIKUMBUSHA

Wasomee wa nyumbani makala haya, kisha muulizane:

1. Kwa nini Bogoria kuna maji yanayochemka na Kitui hakuna?

2. Kwa nini si vizuri kunywa maji ya Bogoria, ingawa hayana tope?

3. Goti likipata nafuu baada ya kuoga maji moto, je, hiyo ni ishara kwamba kisukari nacho kimepungua?

4. Nani apime maji ya mzee mwenye kisukari, na kwa kutumia nini?

5. Jirani akija na mafuta ya kupikia ili ampake aliyeungua, utamwambia nini bila kumvunjia heshima?

Swali la tano ndilo gumu, kwa maana majirani wetu ni watu wema. Mwambie: "Asante sana, lakini tumeagizwa maji kwanza." Kisha mpe kikombe akusaidie kumwagilia.

Chama cha akina mama kinachanga tena. Safari hii wanataka kwenda Olkaria, karibu na Naivasha, ambako maji ya moto ya visima vinavyozalisha umeme yametengenezewa bwawa la kuogelea. Juzi nilimtembelea Mwaitu nikamkuta ameshaanza kupanga mfuko wake, miezi miwili kabla ya siku. Nilichungulia. Juu kabisa palikuwa na vidonge vyake, kadi yake ya kliniki, na soksi za pamba.

"Na hutaingia majini, Mwaitu?" nilimtania.

"Mimi nitakaa ukingoni na viatu vyangu," akasema. "Mtu lazima awepo wa kuwapimia wenzake maji. Wewe nileteeni kipimajoto tu."